Sahani ya Paka wa Asnath

Mimi paka siwapendi, niseme mapema. Asnath aliwapenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Alikuwa karani wa serikali, kahamishiwa Kigoma kutoka Same, hana mume wala mtoto, na chumba chake pale Buzebazeba kilipakana na changu. Mimi ni fundi cherehani, kutwa nipo nyumbani, kwa hiyo vituko vya paka wake wawili navijua vyote. Yule jike alizalia juu ya kitambaa cha bibi harusi wa watu, nikatoa machozi. Lakini jioni Asnath akirudi, walimpokea mlangoni na kujisugua miguuni mwake, naye anacheka peke yake. Ilikuwa raha kumtazama, sikatai.

"Mpare gani wewe unayelisha paka dagaa?" nilikuwa namtania, maana Wapare wanasifika kwa ubahili. "Kwenu si mnanusa tu?"

"Niachie wanangu, Verediana. Waha mna kelele."

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Wakimbizi kutoka Burundi walijaa mkoa mzima, na waliokutwa mitaani walikamatwa wakapelekwa kambini. Sisi tuliwaona wakipakiwa kwenye malori, tukawahurumia, tukarudi kwenye shughuli zetu.

Ikaingia mbalamwezi. Mitumbwi ya dagaa, inayovua kwa taa gizani, haikuingia ziwani, na dagaa wakaadimika. Asnath hakujali. Kila asubuhi kabla ya kazi alipika dagaa na ugali, akaweka kwenye sahani ya bati nyuma ya nyumba, karibu na pagale moja lisilo na paa. Mchana sahani ilikuwa tupu, lakini paka walizidi kukonda na kulia njaa. Tena tuliikuta imesuguliwa kwa majivu na kupinduliwa vizuri juu ya jiwe. Asnath alidhani naiosha mimi. Mimi nilidhani ni yeye, anapopita nyumbani saa ya chakula. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

"Mwizi ni yule dume wa Gervasi," nilimwambia. Gervasi ni jirani, na dume lake halina adabu. "Tumwekee sumu ya panya, yaishe."

Asnath alikataa kabisa. Baada ya siku mbili yule jike akakaukiwa maziwa, watoto wake wawili wakafa. Hapo alikubali, huku analia. Sumu niliinunua mimi, nikaichanganya mimi kwa mkono wangu. Tuliwafungia paka wake chumbani, tukaiweka sahani mahali pake, naye akaenda kazini.

Saa saba mchana alirudi mbio, uso umemsawijika. Tukazunguka nyuma kutafuta mzoga. Mzoga hatukuuona. Sahani nayo haikuwepo.

Tulitazamana. Paka hula akaondoka, habebi sahani. Ndipo nilipokumbuka yale majivu, na ile sahani iliyopinduliwa kila siku kwa mkono wa mtu aliyelelewa vizuri. Sijui nilifikaje kwenye lile pagale.

Kwenye kona ya ndani alikaa mwanamke juu ya tofali, sahani iko mapajani. Mtoto wa miaka kama mitatu alikuwa amemlalia ubavuni, macho kayafumba. Nilipiga yowe, nikaipokonya ile sahani na kuirusha ukutani. Mtoto akashtuka na kuanza kulia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

"Mmekula? Sema! Mtoto amekula?" Nilimuuliza kwa Kiha, maana na Warundi tunasikilizana.

Alipiga magoti mbele yangu. "Mumbabarire, mama. Mnisamehe, sitarudia tena." Maskini, alidhani nimemkasirikia kwa sababu ya chakula. Asnath alikuwa amemshika mtoto, anamfunua mdomo, anamnusa.

Tulimtuliza, akasema. Jina lake Eufrasia. Walipotezana na mumewe njiani, na walikuwa wameagana kukutana Kigoma. Akipelekwa kambini, mume akija hatamkuta, basi akajificha.

"Lakini leo mmekula?" Asnath aliuliza tena kwa Kiswahili, nami nikatafsiri.

Eufrasia alitikisa kichwa. Aliwatazama wale dagaa waliotapakaa mavumbini, kisha akanitazama mimi, kwa aibu.

"Hatujala, mama. Mimi si mwizi. Chakula ni cha paka, kwa hiyo kila siku namngoja aje aonje kwanza, halafu ndipo nachukua. Leo hajaja, nikaipakata sahani kuilinda na kunguru. Mtoto analia tangu asubuhi, nami namwambia, ngoja mwanangu, mwenye chakula hajafika."