Msimu wa Kula Bila Chumvi

Ilisemwa, nami nikaamini kwa moyo wangu wote, kwamba tarishi wa boma la Kisarawe hajalamba chumvi tangu aachishwe ziwa. Ndiyo maana, walisema, hatoki jasho; na mtu asiyetoka jasho hachoki; na asiyechoka utamshindaje kwa baiskeli? Mbu wakimuuma walikuwa wanatema. Mbuzi, ambao hupenda kulamba mikono ya watu, walimlamba yeye mara moja, wakamtazama usoni kwa masikitiko, wakaenda zao. Habari hizi zilitoka kwa fundi baiskeli wa pale stesheni ya Soga, aliyeapa kwamba alimwona kwa macho yake, ndani ya mgahawa, akiletewa kopo la chumvi na kulisukuma mbali kama mtu aliyeletewa nyoka.

Na msidhani nilikuwa mjinga wa kudanganywa hivi hivi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule ya usiku, nasoma gazeti kuanzia kichwa cha habari mpaka matangazo ya sabuni, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba kila jambo lina sababu. Hili la chumvi lilikuwa na sababu, tena nzuri sana. Chumvi huvuta maji. Iache wazi wakati wa masika uone. Basi na mwilini ni vivyo hivyo, inayavuta maji nje, na nguvu inayafuata nyuma.

Huyo tarishi alikuwa anashinda kila mwaka mashindano ya kutoka Kisarawe, kupitia Soga, mpaka Kongowe yetu ya Kibaha. Mwaka huo wenye maduka waliahidi kwamba mshindi atapewa baiskeli mpya. Nyumbani kwetu Sofu baiskeli ilikuwa moja tu, ya baba, nyeusi, nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Ndiyo iliyompeleka kila alfajiri kwenye shamba la mkonge, alikokuwa nyapara wa wakataji. Nilimwomba nikiwa nimetazama chini. Akamaliza kunywa uji wake, akaniegemezea baiskeli kifuani.

"Chukua. Mimi nitakwenda kwa miguu mpaka siku ya mashindano. Ukishinda, kila mtu na baiskeli yake. Ukishindwa, hii inarudi shambani, na wewe habari za mashindano zimekwisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Kuanzia kesho yake, nikiwa bado najinyoosha mkekani, nilikuwa nasikia viatu vyake vikienda zake njiani, kwap, kwap, kwap, mpaka vinapotea. Hakuna kengele ya kuamsha mtu iliyo kali kama viatu vya baba yako anayetembea kwa ajili yako. Nilikuwa naruka. Nilikwenda mpaka Mlandizi na kurudi kabla kuku hawajafunguliwa, au basi tuseme kabla hawajashiba.

Madigadi na kengele baba alivifungua mwenyewe, akavitia kwenye gunia na kulitundika darini. Keria aliiacha kwanza, kwa sababu mama alikuwa na mpango nayo.

"Baiskeli tupu hata mtoto anaendesha," mama alisema. Akapanda nyuma, upande upande, na kapu la mihogo mapajani, na tukaanza safari za gulioni Soga. Mama yangu hakuwa mwembamba. Barabara ilikuwa mchanga mtupu, tairi linazama mpaka unadhani unalima. Nikipunguza mwendo, nilipigwa kofi la mgongo.

"Kanyaga, baba, kanyaga! Tarishi amekwisha kufika!"

Wanaume waliokaa chini ya mikorosho wakibangua korosho walitupigia kelele. "Mama, huyo punda unamuuza?"

"Huyu si punda, ni gari moshi! Pisheni njia!"

Lakini jambo kubwa lilikuwa chumvi. Nilipowaeleza wazazi wangu elimu yangu, baba alikuna kidevu muda mrefu. Mama aliuliza swali moja tu: "Na dagaa je?" Nikasema dagaa wana chumvi. "Na ng'onda?" Ng'onda ndiyo chumvi yenyewe iliyovaa samaki. Mama akafunga mdomo wa mtungi wa chumvi kwa kitambaa, akausukuma uvunguni.

"Mimi sina nafasi ya kupika vyungu viwili," akasema. "Kama mmoja hali, hatuli wote."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nina wazazi. Wali tulikula bila chumvi, kunde bila chumvi, mihogo ya kuchemsha bila chumvi. Mama alipigana kwa kila silaha: ndimu, tangawizi, pilipili ya kutoa machozi, nazi mbili badala ya moja. Baba alirudi kutoka shambani kwa miguu, vumbi mpaka nyusi, akakaa, akatia tonge la kwanza mdomoni, akatafuna huku akisikiliza.

"Mama watoto," akasema kwa upole, "hiki kisamvu mbona kimya?"

"Kinafanya mazoezi. Kula."

Akala. Akala yote, akalamba na vidole, ingawa sijui alikuwa analamba nini.

Kwetu chakula kisicho na chumvi ni cha mtu anayetibiwa pepo, basi habari zilipovuja, bibi mmoja jirani alikuja na kuku mweupe kwapani, sauti ameiteremsha.

"Hodi wenyewe. Nimesikia. Ni nani kati yenu? Amekwisha kupanda kichwani?"

"Shikamoo bibi. Ni huyu kijana," mama akamjibu.

"Marahaba. Masikini! Na hilo pepo linataka nini?"

"Linataka baiskeli."

Bibi alinitazama, akaitazama baiskeli, akaondoka na kuku wake akisema kwamba pepo wa siku hizi wamekuwa na tamaa.

Kila nilipotoka mazoezini nilijilamba mkono kupima maendeleo. Wiki zilivyopita nilihakikisha, kwa ulimi wangu, kwamba jasho linapoteza ladha. Kichwa kiliniuma, ndiyo, na usingizini miguu ilinirukaruka yenyewe. Mama alipouliza, nilimwambia asiogope, miguu imepata moto kiasi kwamba inafanya mazoezi bila mimi. Na kusema kweli nilikuwa na mbio. Siku baba alipofungua keria na baiskeli ikabaki mifupa mitupu, nilipita Sofu kwa kasi hata nguo zilizoanikwa zikanifuata.

Siku ya mashindano tuliondoka Kisarawe asubuhi, kundi zima, vumbi likapanda mpaka kuku wa njiani wakarudi kulala. Niliwaacha mmoja mmoja. Kufika Soga, kwenye kuvuka reli, mbele yangu alikuwa amebaki mtu mmoja tu: tarishi. Nikamkaribia mpaka nikauona mgongo wake vizuri. Shati lilikuwa limelowa chapachapa, limemganda.

Nikajiambia: huyu amemwagiwa maji.

Nilimpita! Msomaji, nilimpita tarishi wa Kisarawe, tena nikiwa nimekaa kitini, na watoto wa barabarani walipiga makelele ambayo nadhani yalisikika Bagamoyo. Nikaongoza mpaka mwinuko wa mwisho kabla ya Kongowe. Hapo shavu la mguu wa kulia likajikunja. Likawa gumu kama nazi kavu, na maumivu yakapanda mpaka kwenye jino. Nikaanguka pamoja na baiskeli kwenye majani. Tarishi akapita, akageuza shingo kunitazama, akaenda.

Kijana mmoja akanicheka. "Amka, bwana harusi, kitanda hicho si chako!"

Nilifikiria viatu vya baba. Nikainuka. Mguu wa kulia nikauacha uning'inie kama mzigo wa mtu mwingine, nikakanyaga kwa wa kushoto peke yake, nikipiga yowe kila pedeli inapozunguka. Nilipitwa na wengine, wengine nikawapita tena kwenye mteremko. Wapo wanaosema nilimaliza wa sita, na wapo wanaosema wa tisa. Mimi, kwa heshima ya familia, husema wa nne.

Baba alikuwa ananingoja Kongowe na gunia lake. Ndani mlikuwa na keria, madigadi, kengele na spana, kwa maana ushindi au kushindwa, yeye siku hiyo alikuwa anarudi nyumbani kwa baiskeli. Aliniweka chini karibu na mama, akaanza kuifunga keria. Nati ya kwanza ikalia. Mashindano yangu yalikuwa yamekwisha, kama tulivyoelewana.

Tarishi akaja, ameiegemeza baiskeli yake mpya pembeni. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Akachuchumaa, akanikandakanda mguu. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua. Chumvi. "Lamba hii, mdogo wangu. Jasho limekumaliza."

"Sili chumvi, kaka," nikasema kwa fahari. "Kama wewe."

"Kama nani? Mimi nasafiri nayo kila siku, nikipeleka barua mbali nalamba njiani. Bila hii miguu inafunga, kama ulivyofungwa wewe."

Mama aliishika karatasi, akanitia chumvi mdomoni kwa kidole chake, kisha akajitia na yeye, akafumba macho. Baba akasimama na spana mkononi.

"Kumbe aliyeshindwa si mtoto," akasema. "Ni chakula." Akaigeuza spana upande mwingine, akaanza kuilegeza ile nati. "Mimi miguu yangu imekwisha kuzoea. Mwakani tena."

Lakini mama alikuwa hajaridhika. Alimgeukia tarishi, mkono kiunoni. "Sasa wewe, baba, pale mgahawani Soga watu walikuona unasukuma kopo la chumvi. Ulikuwa na maana gani?"

Tarishi alifikiri kidogo, akakumbuka.

"Mama," akasema, "ule mchuzi ulikuwa umezidi chumvi."