Haya ya Mama

Fomu ile niliitengeneza mwenyewe Jumamosi moja, nimekaa kitandani kwangu Sinza, na niliiona nzuri. Ilikuwa na maswali manne ya Kiswahili chepesi, na mwishoni nafasi ya mtu kuandika lolote alilo nalo moyoni. Mwenyekiti wa mtaa wetu kule Bunju alikuwa amenipigia akasema mwalimu, wewe ni mtoto wa hapa na mambo ya mtandao unayaweza, tusaidie kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mtaro. Nilivimba kichwa. Miaka yote nilikuwa nikilalamika kwamba mikutano ya mtaa wanahudhuria wazee sita na kuku wao, na uamuzi anaubeba mwenye sauti kubwa. Sasa kila mtu angesema akiwa kwake, kwa simu yake.

Mtaro wenyewe ulihitajika sana. Kila masika maji yalishuka kutoka juu na kuingia hadi vyumbani. Injinia alileta njia mbili. Ya juu ingefuata barabara ya vumbi na kula vibaraza vya maduka. Ya chini ilikuwa fupi, ingepita nyuma ya viwanja vitatu, lakini ilikuwa na sharti: wenye viwanja wote watatu wakubali. Akikataa mmoja tu, mtaro unapanda juu. Kiwanja cha tatu ni cha mama yangu, na nyuma ya nyumba, pale pale mtaro ungepita, alikuwa amelala baba.

Alizikwa pale kwa sababu alifariki wakati wa mvua, na siku hizo barabara ya kwenda kwetu kusini ilikuwa haipitiki masika. Sisi ni watu wa Lindi. Bunju ilikuwa bado pori, hakuna aliyeuliza kibali, na kaka zake walichimba wenyewe.

Wazee walioogopa kubofya fomu niliwaambia wanitumie jibu kwa meseji, nitawaingizia mimi. Mama alikuwa mmoja wao. Nilimpigia Jumatano nikamweleza njia zote mbili, na kwamba ikipita ya chini, kaburi litahamishwa kwa heshima zote. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, haraka na kwa vipengele. Nikaongeza habari za majirani waliooziwa magodoro na watoto wanaovuka maji machafu kwenda shule. Nikikumbuka leo, naona sikumuuliza kitu. Nilimhubiria, kisha nikamwambia afikirie na aniandikie.

Ijumaa saa tisa alasiri, saa moja kabla ya fomu kufungwa, meseji yake iliingia. Neno moja tu: Haya.

Nikaweka tiki kwenye Nakubali. Mbele yangu palikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, na majibu mengine kumi na kitu yalikuwa yakingoja zamu.

Ningependa kusema sikujua. Lakini hakuna mtu hapa duniani anayelijua neno hilo la mama kunishinda. Iko haya ya twende, iko haya ya nimekusikia, iko ya karibuni mle. Halafu iko ile ya kwake, fupi, inayoshuka mwishoni, anayoitoa akiona umeshaamua na hutaki la mtu. Nilipomwambia naolewa na mwanamume ambaye yeye hakumtaka, alisema haya. Utotoni tukiisikia tuliacha tulichoshika tukarudi kumwomba radhi hata kabla ya kujua kosa. Ila kwenye meseji neno halikuwa na sauti, na mimi nikalipa sauti niliyoitaka.

Matokeo yalibandikwa kwenye grupu la mtaa Jumamosi. Watu wakamimina madole gumba na maua. Mmoja akaandika kwamba hii sasa ndiyo demokrasia, na mimi, kwa ujinga wangu, nikamwekea moyo.

Jumapili nikaenda Bunju. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, ameinama, anang'oa majani pembeni ya kaburi. Nikamwamkia, akaitikia. Akaendelea kung'oa, kisha akauliza bila kunitazama, "Watampeleka wapi?"

Nikasema ni makaburi mapya, pazuri, pana uzio. Akauliza kama wakifukua watakuta kitu. Nikamwambia mama, si ulikubali? Si uliniandikia haya?

"Niliandika haya," akasema. "Ulikuwa umeshamaliza kusema. Ningeandika nini?"

Siku za kupokea pingamizi zilikuwa bado hazijaisha. Nilikaa barazani pale pale nikaandika barua: kwamba jibu la mwenye kiwanja liliingizwa kimakosa na mkusanya maoni, na kwamba hakubali kaburi la mumewe liguswe. Kilichotakiwa ni sahihi yake tu, na mtaro ungepanda juu. Nikamsomea. Akaniuliza mkusanya maoni ndiye nani. Nikasema ni mimi. Akanirudishia karatasi, na kalamu juu yake.

Nilimbembeleza hadi jua likazama. Mama hakubishana nami. Alisema mtaani tayari wapo wanaodai matokeo yamepikwa, kwamba wenye maduka wamemnunua mwalimu. Akisaini yeye, mama mzazi, ndiyo atakuwa amewapa ushahidi, na jina langu halitasafishika tena, iwe hapa au shuleni kwangu.

"Baba yako keshakufa," akasema. "Wewe bado unaishi na watu."

Jumatatu nikaenda mwenyewe kwa mtendaji wa mtaa, bila barua, nikakiri kosa langu. Ni mtu mstaarabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pingamizi ni la mwenye kiwanja, bila neno la mama, mtendaji hawezi kubadili kitu. Akampigia mama mbele yangu, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Akamwamkia shikamoo, akamuuliza kama ni kweli mwalimu alikosea kuliingiza jibu lake. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hakukosea," mama akasema. "Mwanangu aliandika nilichomwambia."

Nikasema kwa sauti, mama, sivyo. Akakata simu. Mwanamke aliyenichapa utotoni kwa kudanganya kuhusu kijiko cha sukari alikuwa ameidanganya serikali kwa ajili yangu, na mtendaji akafunga faili.

Tulimhamisha baba asubuhi moja ya kiangazi. Sheikh alisoma, wanaume wakashika mashuka kuzunguka shimo ili tusione. Walichokitoa kilibebwa na mtu mmoja. Mama alikuwa jikoni akiwapikia wachimbaji chai, na hakulia mbele za watu. Mimi nililia mpaka shangazi akaniambia inatosha.

Masika ilipokuja, maji yalipita mtaroni bila kuingia nyumba ya mtu. Nilitamani uwe mtaro mbovu, nipate wa kumlaumu, lakini ni mtaro mzuri. Mitaa ya jirani imeniomba nikawafundishe kutengeneza fomu, na nimekwenda mara mbili. Nawaambia wazee wapigiwe simu, na jibu la neno moja liulizwe tena. Wanaandika, wanashukuru. Siwaambii nimejuaje.

Siku hizi mama ananipigia kila asubuhi saa kumi na mbili, yeye ambaye zamani alikuwa mtu wa kupigiwa. Ananieleza kuku aliyeanza kuatamia, jirani anayesumbuliwa na miguu, bomba lililokauka tangu juzi. Nilidhani ni upweke wa uzee, na mara nyingine niliitikia huku napiga mswaki, nawahi shule. Wiki iliyopita alianza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kutojibiwa. "Mzee," akasema, kama alivyokuwa akimwita baba, "ule ukuta wa jirani umeanguka." Kisha akajirekebisha, akaniita mwanangu. Nikajua habari zote zile zilikuwa za kumpa nani, na kwamba miaka yote alikuwa akizipeleka nyuma ya nyumba, kaburini. Nikaweka mswaki chini, nikamwambia aendelee, nasikiliza.