Kichaka Kinachonukia Chungwa

Mbwa wangu ndiye aliyekiona kwanza. Tukipanda kijia cha mlimani juu ya mji wa Bwera, mimi huenda macho juu nikitafuta vipepeo, yeye pua chini akitafuta uozo, na mara nyingi mwenye bahati ni yeye. Siku hiyo alijitosa chini ya kichaka cha mwituni, kile ambacho majani yake ukiyafikicha yananukia ganda la chungwa. Nikainama kumvuta. Lo! Kwenye kitawi kulikuwa na kifuko cha kijani, kimejibanza kama jani. Kwa mmea ule nilijua aliyelala ndani ni nani: kipepeo mkubwa mweusi mwenye mkanda wa buluu, ambaye nimemkimbiza miaka mingi bila kumwona ametulia hata kidogo.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikakumbuka: kesho ni kazi ya kijiji, watu wote na panga zao wakifyeka kando ya njia. Ukimwomba mtu wa huku aache kichaka kwa ajili ya mdudu, atakuuliza kama una homa. Basi nikatafuta ujanja. Nikakata fimbo ya mmea wa mpaka, ule wa majani marefu tunaoupanda kutenganisha mashamba, nikaichomeka pale. Mmea huo hakuna anayethubutu kuufyeka.

Ujanja gani huo! Asubuhi nilikuta kazi imesimama. Mama mmoja kutoka Butembo, anayelima upande wa juu, alikuwa amekabiliana na mzee mwenye shamba la chini.

"Ulipanda hii mupaka usiku, muzee! Shamba yangu inafika kwa njia!"

"Mimi? Ni wewe unataka kula udongo ya baba yangu!"

"Jamani, ni mimi," nikasema. Nyuso zote zikanigeukia. "Ni kwa sababu ya kipepeo."

Mzee alinitazama kwa huruma, akaishika fimbo aing'oe.

"Ngoja!" nikapiga kelele, maana kifuko kilikuwa kimepasuka. Kilitoka kitu chenye mabawa yaliyokunjamana, kikaning'inia pale kwenye kitawi.

"Yezu Maria," mama akanong'ona.

Nikamkamata mbwa shingoni. Hakuna aliyefyeka. Tulisimama wote tukiangalia mabawa yakijinyoosha polepole, hadi mkanda wa buluu ukatokea waziwazi, nami nikaona machozi yananitoka kwa furaha. Alikaa muda mrefu akijikausha. Halafu akaruka juu ya kofia ya mzee, huyoo, akaenda zake.

"Mulimuona?" mama akasema. "Alizaliwa kwa shamba yangu."

"Yako? Hii kichaka ni ya baba yangu!"

Mpaka leo, siku ya kazi ya kijiji, hao wawili hufika kabla ya watu wote, kila mmoja akikilinda kichaka asije mwenzake akakigusa.