Harusi Aliyoitengua Pélagie

Asubuhi ile Pélagie alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao ya mtaa wa Songo, anachambua maharagwe, simu ameiegemeza kwenye sufuria.

"Papa Noella, ondosha ile kuku. Iko inaingia mu sauti yangu."

"Wasikilizaji wako hawajawahi kusikia kuku?"

"Wamesikia. Lakini kwa Libérate hakuna kuku."

Venant, baba yake Noella, akamfukuza kuku. Mkewe akabonyeza simu, akasimulia. Mchana wakala maharagwe yale na ugali wa muhogo. Kesho yake homa ikamlaza Pélagie, na hakuinuka tena. Hapo Venant, akisimulia kifo hicho, hupenda kupita upesi.

Libérate hakuwa jirani. Alikuwa mjane muuza vitenge katika mchezo wa redio, mchezo uliotungwa na kijana wa Bukavu aitwaye Bonaventure. Wapenzi wa mchezo walikuwa na grupu lao la WhatsApp, na Noella, binti yao, ndiye aliyemwingiza mama yake humo. Pélagie, kama mumewe, hakupita shuleni. Yeye alituma sauti tu.

Mwezi wa pili, mwaka 2025, vita vikafika Bukavu. Redio ikanyamaza. Libérate akabaki amesimama mlangoni kwa mkwewe na mzigo wa vitenge kichwani, hakuna ajuaye kama atakaribishwa. Watu wa grupu nao wakatawanyika. Wengi walivuka mto Ruzizi, wakalala kwenye mahema huko Burundi. Mmoja akaandika kutoka kambini kwamba mama yake mzee anamuuliza kila siku: Libérate aliingia?

Noella akamsomea mama yake. Pélagie akafikiri kidogo, akachukua simu.

"Aliingia," akasema, na akaendelea.

Ikawa kila asubuhi, dakika kumi. Yule mkwe akapewa mdomo mkali. Jirani akapewa ugomvi. Pélagie akawagombanisha, akawapatanisha. Venant alimsikiliza akiwa chumbani, akashangaa: watu wote hao walikuwa wamekaa wapi ndani ya mwanamke huyu, miaka arobaini na mmoja ya ndoa?

Mwezi wa sita akamwoza Libérate kwa mwenye boti wa bandari ya Kalundu. Odio ile ya sauti yake ilitembea. Ikatoka grupu hili hadi lile, ikamfikia Bonaventure mwenyewe huko alikokimbilia. Naye akatuma sauti yake, kali:

"Mama, nani alikupa ruhusa? Libérate ni wangu. Miaka minne nimemjenga. Leo watu wananipongeza kwa harusi ambayo sikuiandika! Futa odio zote, la sivyo nitashitaki na hilo grupu litafungwa."

Grupu likawaka moto.

"Usikubali, Mama Noella!"

"Yeye alikuwa wapi siku tunalia?"

"Mwandishi gani anaonea harusi wivu?"

Noella akaogopa. Grupu likifungwa, wale wa mahemani watabaki na nini? Akamwambia mama yake ajibu kwamba hakuuza kitu, kwa hiyo hana kosa.

Pélagie alitwanga sombe, majani ya muhogo. Alipomaliza akamwambia mumewe:

"Yule mutoto iko na haki."

"Si yeye aliyenyamaza?"

"Alikimbia, Venant. Hakumtupa Libérate."

Venant akaelewa. Yeye na mkewe walizaliwa Mutarule, kwenye uwanda wa Ruzizi. Huko mtu akikosa malisho, au akikimbia, humwachia mwenzake ng'ombe amchungie. Mchungaji hunywa maziwa na kuwagawia majirani. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, ila siku ya shukrani mchungaji naye hupewa mmoja. Lakini kumtoa ng'ombe zizini bila kumwita mwenyewe, huo ni wizi, hata ukitenda kwa moyo mzuri. Na Libérate alikuwa ameozwa bila Bonaventure kuitwa.

Kesho yake Pélagie akarekodi: "Hii hadithi mwenyewe ni Bonaventure wa Bukavu. Nilipashwa kumutaja tangu siku ya kwanza. Ile harusi naifuta. Libérate si binti yangu, sikuwa na haki ya kumuoza."

Wakamrukia wote. Mwanamke mmoja wa kambini akapiga kelele: "Weye mama! Minye nilishapiga vigelegele mpaka hema ya tatu! Sasa navirudisha namna gani?"

Pélagie akacheka mpaka akashika mbavu, lakini harusi haikurudi.

Kisha akamtumia Bonaventure sauti, yeye peke yake. Siku tatu zikapita. Noella hakuacha kufungua simu kuangalia kama grupu lingali hai. Siku ya nne jibu likaja: Mama aendelee, ataje jina lake kila anapoanza, asimwoze mtu wala kumzika bila kumuuliza yeye mwandishi. Na yule mkwe mwenye mdomo, Bonaventure akasema, huyo ni wa Mama kabisa. Mchezo ukirudi redioni, yeye Bonaventure ndiye atakayekuja kumwomba Mama amwazime huyo mkwe.

Siku hiyo Venant alimtazama mkewe, kama mtu aliyeletewa mgeni mkubwa.

Ile sauti Pélagie aliyomtumia Bonaventure, Noella ameihifadhi kwenye simu ya baba yake. Venant hajui kusoma, ila anajua pa kubonyeza. Maneno yake ni haya:

"Bonaventure mwanangu, ng'ombe ni yako, na ndama ni zako. Minye nilikunywa maziwa, nikawapa na wenye kiu. Nilikosa pale nilipoitoa mu zizi bila kukuita. Ukisema nifunge, nitafunga. Lakini ng'ombe ya muntu aliyekimbia haiachwi bila majani."