Droo Chini ya Mashine ya Kukaushia

"Usiniambie nitulie, bosi! Nitulie kwa lipi?"

Mama Pacha, mpiga pasi, alikuwa kasimama katikati ya duka la dobi, shati la mteja likifuka moshi mezani. Alikuwa ametoka uhamiaji kuomba ukaazi wa kudumu. Mumewe kapata, watoto wake pacha wamepata. Yeye kakwama: aliwahi kuishi nchini viza imeisha.

Ilikuwaje? Alipoanza kazi, bosi alikusanya pasipoti za wafanyakazi wote, akazifungia kwenye droo chini ya mashine ya kukaushia. "Zisipotee. Viza niachieni mimi." Wakamwachia. Si walikuwa wanamwita baba! Nani anamkagua baba yake? Akiulizwa: "Nimeshughulikia, mwanangu." Kumbe kashughulikia tumbo lake. Viza ya Mama Pacha ikafia drooni miezi kadhaa, ndipo bosi akakurupuka kuihuisha.

"Lakini ilihuishwa," bosi akasema. "Yaliyopita si ndwele."

"Kwako! Kompyuta yao haisahau. Miaka yangu ya nyuma nchini wameifuta, naanza moja. Na nani aliniambia nijibu kwenye fomu kwamba sijawahi kupitiliza muda wa viza? Sasa naitwa mwongo juu yake!"

"Nilitaka kukusaidia, mwanangu."

"Mwanao yuko nyumbani kwako anakula! Wamenipa nafasi ya mwisho kujieleza. Twende, ukaseme pasipoti ulikuwa nayo wewe."

"Nikisema hivyo watanifungia duka."

"Kwa hiyo bora wanifukuze mimi, watoto wangu wabaki na picha yangu ukutani?"

Bosi akajifanya anahesabu hanga za nguo.

Mzee wa kufua, mtu wa maneno machache, akazima mashine. "Mimi nitakwenda kusema. Nilikuwepo ulipozichukua. Ila kwanza, baba, fungua hiyo droo."

"Kesho."

"Fungua!" Sasa walipaza sauti wafanyakazi wote.

Bosi akatoa funguo, droo ikafunguka. Pasipoti zilikuwa za moto, majalada yamejikunja kama samaki wa kukaanga. Mzee akafungua ya kwake, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Akamgeukia bosi.

"Viza yangu nayo imeisha."

Hakuna aliyemwita bosi baba tena. Mama Pacha akachomoa pasi ukutani, akavaa koti, akamshika mzee mkono. Wakashika njia ya uhamiaji, wakaseme ukweli wote, mchungu na wa kwao.

Na wewe ambaye pasipoti yako iko kwa tajiri wako, unasubiri nini? Inuka. Kaichukue leo, soma tarehe kwa macho yako. Na kama uliwahi kupitiliza, sema mwenyewe kabla hujaulizwa.