Tulivyoingojea Ndui Buteba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kaptula mpya ya kaki, nikategemea kupewa sindano. Nikapewa jembe. Bwana Afya wa Tororo, Mzungu mrefu aliyesimamia usafi wa wilaya nzima, alinionyesha kiwanja nyuma ya ofisi, akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu, "Wewe chimba choo kwanza. Kama hapana jua choo, hapana jua afya." Nikachimba mpaka viganja vikachubuka. Ninyi mnaoanza kazi kwa semina na chai mtaniwia radhi nikicheka kidogo.

Baada ya choo ndipo nikafundishwa uchanjaji. Dawa ya ndui ilikuja katika vijibomba vyembamba vya kioo. Unatonesha tone kwenye mkono wa mtu, unaikwaruza ngozi kwa ncha ya sindano, unamwambia asipaguse. Panatoka lengelenge, halafu gamba, halafu kovu. Hapo tulisema chanjo imeshika. Isiposhika, umemkwaruza mtu bure.

Na maadui wa kushika walikuwa wawili, jua na watu. Jua liliiharibu dawa njiani, tukaizungushia matambara ya maji na kuomba Mungu. Watu nao walikusubiri ugeuke. Mwello nilikopelekwa kwanza, kina mama walipangusa mikono kwa majivu hata kabla sijafunga sanduku. Kirewa nilikohamishiwa baadaye, chifu aliwaamuru raia wote waje kuchanjwa, na wote wakaja. Aliyekosekana ni chifu. Alikuwa amejificha shambani kwenye mtama.

Nasimulia haya mjue nilifika Buteba, Uganda mpakani na Kenya, nikiwa nimeshachoka. Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza wakiwa bado juu yetu pande zote mbili za mpaka. Habari ilitufikia kwamba ndui imeonekana ng'ambo, upande wa Kenya. Daktari wa Wilaya akaniita Tororo. Akasema, "Ugonjwa huu utavuka. Tujiandae kabla haujavuka." Ni maneno ya akili. Ningefurahi kama yangeishia kwenye masikio ya watu wenye akili.

Tuliambiwa tujenge nyumba ya karantini, yaani nyumba ya kumtenga mgonjwa asiambukize wengine. Tukaijenga ya udongo na nyasi, mbali na boma la chifu wa gombolola, yaani tarafa. Nikaenda kwenye vijiji vya jirani. Niliporudi, nyumba ilikuwa imejaa pamba.

"Chifu, hii ni nyumba ya wagonjwa," nikamwambia.

"Wagonjwa wako wapi?"

"Hawajafika."

"Basi wakifika tutatoa pamba," akasema, na akaniona mimi ndiye mpumbavu.

Mpaka nao ulikuwa kichekesho. Uganda ilifunga soko lake, Kenya ikaacha lake wazi. Askari alisimama barabarani kuzuia watu, na watu wakavuka mtoni mbele ya macho yake, kwa kuwa yeye alitumwa kulinda barabara. Nilimuuliza mzee mmoja mwenye kamba ya mbuzi mkononi anakwenda wapi. Akanijibu, "Sisi nakwenda Busia tu, musawo. Sisi hapana kwenda Kenya." Musawo ndivyo walivyomwita kila mtu wa dawa. Soko alilolitaka lilikuwa Kenya, lakini kwake Busia, mji uliokatwa na mpaka, ilikuwa moja tu.

Halafu dawa ya chanjo ikafika ikiwa imeshaharibika. Lori lilikwama juani na dereva akaenda kunywa pombe. Mimi sikujua. Nilichanja Buteba karibu yote, na niliporudi kukagua mikono, sikuona lengelenge hata moja. Nikawaambia watu kwamba nitarudia. Walivyonitazama siwezi kuwaandikia.

Katika vurugu hiyo alikuwapo mwanamke mmoja aliyenisikiliza, na hata yeye alinisikiliza kwa ugomvi. Jina lake Nabwire, mjane wa Kisamia aliyekuwa ameolewa Buteba. Tulimwita Mama Ajiambo kwa jina la binti yake. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui aliyougua utotoni. Mwenye makovu hayo haugui tena, ndiyo maana nilimwendea.

"Mama Ajiambo, mgonjwa akipatikana, utamuuguza?"

"Nyumba mmejaza pamba, nimuuguzie juu ya magunia?" akasema. Kesho yake alikwenda mwenyewe, akayaburuta magunia nje, akamwambia chifu mvua inakuja. Chifu akahamisha pamba yake. Bwana Afya alipopata habari aliniuliza huyo mwanamke ana cheo gani. Nikasema hana. Akasema basi asiingie. Akapanda gari akaenda zake, na Mama Ajiambo akaendelea kufagia.

Ndui ikavuka. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mchuuzi wa mbuzi, kijana wa Kiteso aitwaye Ekirapa. Alirudi kutoka ng'ambo ana homa kali, na vipele vikaanza kutoka usoni na mikononi. Tulimlaza katika nyumba ya karantini. Nikampeleka mtu amwite Mama Ajiambo. Akaja, akachungulia toka mbali, akasimama.

Ekirapa alikuwa mume wa Ajiambo. Mkwe wake.

Ninyi wa leo mnakula meza moja na wakwe zenu. Zamani zetu, mama mkwe na mkwe hawakutazamana. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Sasa huyu alitakiwa amvue nguo, amwoshe vidonda, amsaidie kukojoa. Ajiambo hakuweza kumuuguza mumewe, chanjo yake haikushika na alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mimi sheria ilinikataza, mchanjaji asije akapeleka ugonjwa nyumba kwa nyumba na nguo zake. Dawa mpya ilikuwa imefika, na hapakuwa na mwingine wa kuichanja.

Wazee wakakaa nje kushauriana. Nilisubiri, nikikasirika. Wakapata jawabu: miko iondolewe kwa kuchinja kondoo. Nikashukuru, nikasema kondoo aletwe. Wakasema hapana, kondoo lazima atoke kwa ndugu za mume. Na ndugu zake Ekirapa walikuwa ng'ambo ya mto. Na mnyama haruhusiwi kuvuka, kwa sababu ya karantini.

"Karantini ni ya watu," nikasema.

"Bwana Afya alisema hata mifugo," akajibu mkubwa wao. Ilikuwa kweli. Katika amri zote nilizowahi kuwasomea, hiyo moja ndiyo waliyoitii.

Ndani, Ekirapa alikuwa akiomba maji. Tulimsikia sote. Mama Ajiambo aliinuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Nikiingia, akipona hataniheshimu," akawaambia wazee. "Nisipoingia, atakufa ameniheshimu. Heshima ya maiti mtaipeleka wapi?"

Hakungoja jibu. Alimlaza mkwewe juu ya majani ya migomba, kwa kuwa mkeka ulikuwa ukimbandua ngozi. Alimfunga viganja kwa matambara asijikune, akamfuta usaha machoni, akamnywesha uji kwa kijiko. Mimi nilizunguka na sanduku langu, na safari hii chanjo ikashika. Waliougua baada ya Ekirapa walikuwa wachache, na wote waliingia katika mikono ile ile. Wawili tuliwazika. Ekirapa akapona.

Alipotoka hakuaga. Alimhamisha Ajiambo na mtoto hadi ng'ambo, kwa ndugu zake. Akimwona mama mkwe sokoni alipotelea nyuma ya vibanda. Nilimlaumu mbele ya Mama Ajiambo. Akanikatiza.

"Mwache, musawo. Nilimgeuza kama kitoto kichanga. Wewe ungenitazama?" Lakini wajukuu alikuwa akiwaulizia kwa kila mpita njia.

Nilihudumu chini ya mabwana afya wengi baada ya yule. Kila mmoja alifika na mpango mpya, akakuta pamba. Nilipostaafu walinisifu kwa kuilinda Buteba. Nilisema jina la Mama Ajiambo, na karani naye akaniuliza alikuwa na cheo gani.

Alifariki muda mfupi baadaye. Tulikuwa tumekaa uani kwake pale Ekirapa alipoingia, ana mvi tayari, uso wote makovu. Ilikuwa mwiko mkwe kuingia alimolazwa mama mkwe. Yeye akapita katikati yetu, akafika mlangoni. Mzee mmoja akamshika mkono, akamwambia asubiri kwanza wazee washauriane.

Ekirapa akautoa mkono wake taratibu.

"Ninyi shaurianeni," akasema. "Mmezoea."

Akaingia, akaketi kando ya kichwa chake, akamtazama usoni.