Kikapu Nilichokiosha

Leo nimerudishiwa kikapu changu kitupu.

Ngoja niwaeleze.

Miaka ya sabini mume wangu alitutoa Nairobi, tukahamia Nyacheki kulima chai. Sikujua hata salamu ya Kikisii.

Jirani, Mama Kemunto, akaniletea ndizi kwenye kikapu. Jamani, mtu wa kwanza kunichekea!

Nikakiosha kile kikapu. Nikakianika. Nikakirudisha nikijiona muungwana kweli.

Akachungulia ndani, akaniangalia. "Haya, asante," akasema, akafunga mlango.

Hakunisalimia tena mpaka akazikwa.

Miaka baadaye ndipo nikaambiwa kwamba huku kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata konzi moja ya unga wa wimbi ingetosha. Lakini siku ile nani aliniambia? Hakuna!

Sasa leo amekuja mke wa mjukuu wa Mama Kemunto, amehamia hapa juzi tu kutoka Nairobi. Nilikuwa nimempelekea ndizi.

"Shosho, nimekiosha vizuri," akasema, anatabasamu.

Mnadhani nilimweleza? Mimi ninayejua uchungu wa kutoambiwa?

Nilisema, "Haya, asante."

Nikafunga mlango.